Moshi wa Mjomba na Maji ya Kisima

Mjomba wangu alikuwa anavuta sigara ya kwanza kabla ya swala ya alfajiri, na ya mwisho akiwa ameshavua viatu, amekaa ukingoni mwa kitanda. Za katikati sikuwahi kuzihesabu. Tangu nikiwa mdogo nilidhani ule moshi ni kiungo chake, kama masharubu. Akiingia mahali, moshi unatangulia, yeye anafuata, halafu kikohozi.

Kwa msiotujua, niseme kwanza mjomba kwetu ni nani. Huku juu Newala, na hata kule chini Masasi kwa wakwe zangu, mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anaheshimiwa, anapewa paja la kuku, anaulizwa habari za safari. Lakini neno zito likifika, watu wote wanageuza shingo kumtazama mjomba. Yeye ndiye anapokea posa, yeye ndiye anasuluhisha, yeye ndiye akisema hapana basi mkekani hapakaliki tena. Wangu alikuwa na la ziada: mimi ni mwalimu leo kwa sababu ya mikorosho yake. Kumwambia mtu wa namna hiyo "usivute hapa" ni kama kumwambia imamu afupishe sala, nimeacha chungu jikoni.

Mimi ni mkali, wanafunzi wangu wa darasa la tano watawaambia. Lakini ukali wangu ulikuwa haujawahi kuvuka kizingiti cha nyumba ya mama.

Nilikuwa nimepanda Newala kutoka Masasi kuja kujifungua kwa mama, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza. Mtoto hakungoja. Alitoka karibu mwezi mzima kabla ya siku zake, kilo mbili na kidogo, mwekundu, mwenye hasira, na kila akivuta pumzi kifua chake kilikuwa kinatoa filimbi nyembamba. Tulikaa hospitali siku tisa, yeye na mpira wa oksijeni puani, mimi na macho yangu juu ya mbavu zake. Usiku na mchana nilikuwa namwekea sikio kifuani. Mpaka leo nikisikia chupa ya soda ikifunguliwa polepole, mgongo unanisisimka.

Siku ya kuruhusiwa, nesi alinikalisha kitako. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde.

"Mama, nisikilize. Mapafu ya huyu bado mabichi. Moshi, hapana. Sigara ndiyo kabisa, hapana. Hata ule ulioganda kwenye nguo ya mtu, hapana. Anayevuta asimguse mpaka aoge na abadili nguo. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Nani anavuta nyumbani?"

"Mjomba."

Akashusha kalamu. "Mjomba wako au wa mumeo?"

"Wangu."

"Oo, pole," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya chini.

Tulipofika nyumbani, Mjomba alikuwa kibarazani ananingoja. Amevaa kofia yake ya Ijumaa na lile koti lake la kahawia ambalo lilikuwa limekula moshi wa miaka mingi kuliko umri wangu. Kidoleni, sigara. Akainuka, akaihamishia kwenye pembe ya mdomo ili mikono ibaki wazi, akainyoosha yote miwili.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hongera. Mlete bwana mkubwa."

"Amechafuka," nikasema, nikampita.

Huo ndio uongo wa kwanza niliomwambia katika maisha yangu, na kwa kuwa ulifanya kazi niliurudia. Kila akituma mtu kuulizia mtoto, mtoto amechafuka. Siku ya tatu nikamsikia akimwambia mama kwa wasiwasi wa kweli: "Mtoto huyu anajinyea mara ngapi? Mrudisheni hospitali, ana ugonjwa wa tumbo."

Nilimwomba mama aseme naye. Mama yangu ni mdogo wake wa kufuatana ziwa moja. Anamwogopa mpaka chai anampelekea kwa mikono miwili.

"Nitaanzaje?" akasema mama. "Yule ni kaka yangu."

"Mama, ni mapafu ya mjukuu wako."

"Ndiyo, lakini yule ni kaka yangu."

Badala ya kusema, mama akachukua hatua zake. Nilikuwa nimesinzia, nikaamshwa na harufu. Nafumbua macho naona chumba kimejaa ukungu, na katikati ya ukungu mama yangu mzazi anazunguka na chetezo, anafukiza udi na ubani kwenye pembe zote nne ili kuifukuza harufu ya sigara ya kaka yake.

"Mama! Huo si moshi?"

"Huu ni moshi mzuri," akasema. "Na dawa ya moto ni moto."

Nilikitupa chetezo nje kupitia dirishani, na makaa yake, na heshima yangu. Mama alininunia hadi magharibi. Kuku mmoja aliungua kidole.

Jumamosi alikuja mume wangu kutoka Chiungutwa, kwao kule Masasi, kwa pikipiki. Nikamkabidhi kazi. Wewe ni baba wa mtoto, nikamwambia, wewe ni mwanamume, nenda kibarazani ukaseme na Mjomba kiutu uzima. Akavuta pumzi, akarekebisha kola, akaenda. Nilimsikia akisema shikamoo mara mbili. Walikaa saa nzima. Nilisikia mikorosho ikitajwa, nikasikia bei ya vipuri, nikasikia Mjomba akicheka mpaka anakohoa. Mume wangu aliporudi chumbani alikuwa ananuka kama jivu.

"Umemwambia?"

"Tumezungumza."

"Kuhusu sigara?"

Akatazama miguu yake. "Kuhusu mambo kwa ujumla."

Nikamwambia asimguse mtoto mpaka aoge. Akaoga, akambeba, akarudi zake Masasi kesho yake asubuhi akiwa mwepesi kama aliyetua mzigo. Simlaumu sana. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na ukweni kwake kamba ile aliishika Mjomba.

Basi ikabaki mimi. Kwa kuwa nilikuwa ndani ya arobaini sikutoka, na Mjomba kwa heshima hawezi kuingia chumba cha mzazi. Kwa hiyo tulizungumza kupitia dirisha, mimi ndani nimekaa kitandani, yeye nje kibarazani kwenye kiti chake, tukiwa tunatenganishwa na pazia la maua. Nilishukuru lile pazia. Uso wake ningeuona nisingeweza.

Nilimweleza yote: mapafu mabichi, filimbi, nguo, nesi. Nilisema haraka haraka bila kupumua. Nilipomaliza nikasikia kiberiti.

"Mama yako anapikia nini?" akauliza.

"Kuni."

"Kuni hazitoi moshi?"

"Zinatoa. Jiko tumelihamishia nyuma, upande wa migomba."

"Mm." Akavuta. Nikaziba pengo la dirisha kwa mto. "Na mimi," akaendelea, "natawadha mara tano kwa siku. Nasukutua kinywa, napandisha maji puani, naosha mikono mpaka kwenye viwiko. Mwenyezi Mungu anaupokea udhu wangu. Wewe huupokei?"

"Mjomba, Mwenyezi Mungu hakohoi."

Nilisikia sahani ikianguka jikoni na mama akisema astaghfirullah. Nikajua nimeshalikoroga, na aliyelikoroga hulinywa, basi nikaendelea kunywa.

"Mjomba, ukitoka kupulizia mikorosho, ukiwa na salfa mwilini, unaweza kumbeba mtoto mchanga?"

Ulikuwa mwezi wa saba. Kijiji kizima kilikuwa shambani na mashine mgongoni, watu wanarudi mchana wakiwa na vumbi la njano mpaka kwenye kope.

"Nani huyo mjinga wa kubeba mtoto na salfa?" akasema kwa hasira. "Salfa inaunguza kifua. Mtu anavua nguo nje, anaoga, ndipo anaingia kwake. Hilo hata mtoto anajua."

"Basi sigara ni salfa."

Mjomba ni mkulima wa mikorosho, baba wa wakulima. Ungemwambia sigara ni haramu angekujibu, ungemwambia inaua angekutajia wazee waliovuta wakafika miaka tisini. Lakini salfa alikuwa anaijua. Aliwahi kupofuka nayo siku mbili.

"Ulipaswa kusema hivyo tangu mwanzo," akasema mwishowe. "Mnazungukazunguka, mnasema mtoto amechafuka. Kumbe ni salfa. Haya. Nitaoga."

Nilimkumbatia mtoto nikalia kwa furaha. Nilijiona mwanamke mwenye akili kuliko wote kuanzia Mkunya mpaka mtoni.

Mjomba wangu akikubali jambo hulikubali lote. Kesho yake alivuta ya alfajiri, akaoga mwili mzima kwa sabuni, akabadili shati, akamwita mama amletee mtoto kibarazani. Akambeba. Akamwimbia. Akamrudisha. Akavuta. Baada ya nusu saa akamkumbuka, akaoga mwili mzima kwa sabuni, akabadili shati, akaita. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameoga mara nne. Kufika jioni mashati yake yote sita yalikuwa kwenye kamba, na la saba aliazima kwa jirani. Watu waliopita njiani walidhani kuna mgonjwa.

Kila mtoto aliporudishwa nilimwekea sikio. Filimbi ilikuwa inapungua. Siku ya pili imepungua tena. Siku ya tatu kuna wakati nilitafuta sana ndipo nikaisikia, na usiku huo nililala kwa mara ya kwanza bila kukaa.

Ila nilikuwa nimesahau kitu ambacho hakuna mtu wa Newala ana haki ya kukisahau.

Maji yetu ni ya mvua. Masika bati linayashusha kwenye kisima tulichochimba na kusakafia uani, na yakishajaa hapo ndiyo hayo mpaka mvua nyingine. Bombani yanatoka siku yakitaka, na yakitaka ni usiku wa manane kwa dakika kumi. Kwa hiyo kisima kina mfuniko wa chuma, mfuniko una kufuli, na ufunguo uko kwenye pindo la kanga ya mama, alipoufunga siku niliyovunja ungo na sijawahi kuuona ukifunguliwa kwa ajili ya mtu mwingine. Mimi mwenyewe nikija likizo naoga nusu ndoo na kikombe. Lakini Mjomba aliuomba ufunguo, na yule ni kaka yake, basi mama akampa, kwa mikono miwili.

Siku ya tano mama alikwenda kupima. Ana kamba yake yenye mafundo, mwishoni kafunga jiwe. Anaiteremsha kisimani, anaipandisha, anahesabu mafundo yaliyolowa. Nilimwona kupitia mlango wa nyuma. Aliteremsha, akapandisha, akahesabu. Akaipangusa kamba kwa kanga, akateremsha upya. Akahesabu tena, safari hii kwa kugusa kila fundo kwa kidole.

Kisha akasikika mwanamke ambaye sijawahi kumsikia.

"KAKA!"

Mjomba alitokea pembeni mwa nyumba na taulo kiunoni, povu kichwani.

"Kaka, nimekuheshimu tangu nina meno ya utotoni. Mahari yangu umekula, nimenyamaza. Moshi wako umenijaza nyumba, nimenyamaza. Lakini haya maji ni yangu! Mafundo mawili! Mafundo mawili kwa siku tano! Unafikiri tutafika mwezi wa kumi na moja tunakunywa nini, povu lako?"

"Mpwa wangu kasema ni salfa," akasema Mjomba, akipangusa jicho.

"Basi usivute hiyo salfa!"

Mbuzi wa jirani aliacha kutafuna. Mama akanyoosha kiganja, na kaka yake, mzee wa ukoo, mpokeaji wa posa zote, akamwekea ufunguo humo.

Mimi nilikuwa sijui nicheke au nigombe. Zaidi ya wiki mbili nilimbembeleza mwanamke huyu aseme neno moja kwa ajili ya mapafu ya mjukuu wake, ikashindikana. Mafundo mawili ya maji yakampa ulimi. Nilimwambia hivyo. Akaniangalia kama mtu asiyeelewa swali.

"Mtoto ana mama yake," akasema. "Maji yana nani?"

Hukumu ikatoka jioni hiyo hiyo. Mjomba atapewa mabeseni mawili kwa siku, moja asubuhi, moja alasiri, yatakayopimwa na mama mwenyewe kwa kata. Akitaka kumbeba mtoto, abebe baada ya beseni. Akishavuta, mtoto basi, mpaka beseni lijalo.

Hapo ndipo Mjomba alipoanza hesabu zake. Beseni la asubuhi linakuja saa moja. Akivuta saa moja na dakika tano, amembeba mtoto dakika tano. Asipovuta mpaka saa tatu, ana saa mbili nzima. Tulimwona anahangaika. Anakaa na mtoto mapajani, mkono wa kulia unapapasa mfuko wa shati wenyewe, anaurudisha, unakwenda tena. Alijaribu kutafuna mihogo mikavu. Alijaribu kugombana na mbuzi. Siku moja akaja na kikopo cha ugoro, akatutangazia kwamba ugoro hauna moshi, sheria haijavunjwa. Akanusa kidogo. Chafya aliyoipiga ilimwamsha mtoto, ikamwamsha muadhini mstaafu nyumba ya tatu, na mama akaenda kukitupa kikopo chooni bila kuomba ruhusa ya mtu. Ulimi ukishafunguka haurudi.

Wiki ya tano saa mbili zilikuwa zimekuwa nne. Mimi nilikuwa naona ni mtoto anapona tu, sikumwangalia mzee. Kwangu alikuwa sauti ya nyuma ya pazia: kikohozi, wimbo, kikohozi. Mtoto akitoka kwake nilimnusa kichwa, nilimsikiliza kifua, nikaridhika, nikamnyonyesha. Nilikuwa kama mlinzi wa ghala. Mlinzi haulizi habari za wanaopita, anaangalia wamebeba nini.

Arobaini ikafika. Kwetu siku hiyo mtoto anatolewa nje, na anayemtoa, anayevuka naye kizingiti na kumwonyesha watu, ni mjomba. Wakwe zangu walipanda kutoka Chiungutwa gari zima, na kuku, na mchele, na mashuka yao mazuri. Walichosahau kuleta ni maji. Boza tuliloagiza lilisema linakuja tangu juzi, na lilikuwa bado linasema. Mama alifungua kisima akagawa kwa kikombe: haya ya wali, haya ya kunawa, haya ya udhu wa wageni. Mabeseni ya Mjomba yalikuwa yamefutwa tangu juzi yake. Mtoto naye alikaa ndani kwangu siku hizo mbili.

Wageni wakakaa mikekani. Nikasimama mlangoni na mtoto, kanga mpya begani. Mjomba akaja kutoka uani. Kanzu nyeupe, kofia ya Ijumaa, na juu ya kanzu, lile koti.

Harufu yake ilinifikia kabla yake. Nikawaza: siku mbili hajaoga. Nikawaza filimbi. Nikaona ule mpira wa oksijeni na ile plasta ya shavuni. Watu wote wananitazama, wakwe zangu mstari wa mbele, mume wangu anatikisa kichwa kidogo sana akiniomba nisifanye nitakachofanya.

"Mjomba," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyoipima, "leo humbebi."

Sijui kama mmewahi kusikia watu sitini wakiacha kupumua. Mama alijifunika kanga usoni. Mama mkwe wangu akasema "Yallah" polepole. Kumnyima mjomba mtoto siku ya kumtoa nje, mbele ya upande wa pili, ni kumwambia hana ukoo. Nililijua hilo. Mkono niliomzungushia mtoto ulikuwa umekaza, na ningesema tena.

Mjomba hakukasirika. Aliangalia chini, kama mwanafunzi anayetafuta jibu.

"Sijavuta tangu juzi alasiri," akasema.

"Mjomba..."

"Maji yaliisha. Nikaona kama hakuna maji ya kujisafisha, bora nisijichafue." Akainua viganja akaninyooshea, vidole viwili bado vya njano. "Nusa."

Siku mbili. Yeye ambaye hakuwahi kumaliza swala mbili bila moshi katikati. Na hakumwambia mtu.

"Koti," nikasema. "Koti linanuka."

Akalivua. Akalikunja vizuri, akatafuta pa kuliweka, akamrushia mume wangu, ambaye alilidaka kama aliyerushiwa nyoka. Akafikiri kidogo, akajinusa bega la kanzu, akaivua nayo. Mbele ya wakwe! Watu wakapiga kelele. Mzee wa ukoo akabaki na suruali na fulana mpya, bado ina mikunjo ya dukani, na kofia kichwani. Mikono yake ilikuwa imekonda, mifupa ya bega inaonekana. Alisimama hivyo, ametulia, kana kwamba hivyo ndivyo wajomba wote hufanya.

"Sasa?" akauliza.

Nikacheka, nikalia, nikampa. Akavuka naye kizingiti akamwinua juani, na vigelegele vikapasuka mpaka kuku wa zawadi wakakata kamba. Mtoto akapiga chafya kwa sababu ya jua, wakacheka tena.

Mimi nilikuwa nyuma yake karibu kabisa, mikono tayari, maana mlinzi haachi kazi kwa sherehe. Na katikati ya zile kelele nikaisikia. Filimbi. Ile ile nyembamba, ndani ya pumzi, inapanda, inakatika, inapanda.

Nilimnyakua mtoto mikononi mwake bila adabu, nikamwekea sikio kifuani. Nikasikiliza. Nikabadili upande. Alikuwa anapumua kama mtoto yeyote, laini, bila chochote. Nikainua kichwa. Filimbi ilikuwa bado ipo.

Ilikuwa inatoka kwake. Nje ya lile koti, bila kikohozi cha kuifunika, ilikuwa inasikika wazi, na fulana mpya ilikuwa inapanda na kushuka haraka mno kwa mtu aliyesimama tu. Siku arobaini nilikuwa nimemweka mbali, nikanusa kila alichokigusa, na sikuwahi hata mara moja kusikiliza upande wake.

Akaona kwamba nimesikia. Akainama kama anayetaka kumrekebisha mtoto kofia.

"Usiseme leo," akaninong'oneza. "Watu hawajala."

Sikusema. Nilimvalisha kanzu mwenyewe, nikamkalisha mahali pake juu ya mkeka, nikampelekea sahani ya wali kwa mikono miwili. Alikula kidogo, akapumzika, akala. Nilikaa ubavuni kwake mpaka gari la Chiungutwa lilipoondoka, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kesho yake asubuhi nilimwacha mtoto kwa bibi yake, mara ya kwanza tangu azaliwe, nikampeleka Mjomba hospitali. Yule nesi mwenye sauti kubwa alikuwa zamu. Aliniona naingia bila mtoto, akasimama haraka akauliza kifua kinaendeleaje, nami nikamsogeza mzee mbele nikamwambia afungue vifungo.